Alama Ndogo si Kosa, Alama ya Uongo Ndiyo Kosa

MWALIMU anapompa mwanafunzi alama 35 katika jaribio la hisabati, huwa ametoa taarifa. Taarifa hiyo inamwambia mtoto kwamba yapo mambo ambayo bado hajayaelewa. Inamwambia mzazi kwamba mwanawe anahitaji msaada. Inamwambia mwalimu mwenyewe kwamba somo la wiki iliyopita halina budi kurudiwa kwa njia nyingine. Na inaiambia Serikali kwamba katika darasa lile kuna upungufu, uwe wa vitabu, wa madawati au wa walimu. Alama hiyo ikigeuzwa kuwa 65 ili mkuu wa shule asiitwe wilayani kujieleza, wote hao wanne wamedanganywa kwa pamoja.

Jambo hili lafaa litazamwe kwa makini wakati huu ambapo Taifa linabadili muundo wa elimu yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeamua kwamba elimu ya msingi iwe ya miaka 6 badala ya 7, na kwamba elimu ya lazima iwe ya miaka 10. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Ikiwa kila mtoto anatakiwa kuendelea na masomo hadi mwisho wa miaka hiyo 10, ni dhahiri kwamba mtihani wa darasa la saba, ambao kwa miaka mingi umekuwa mlango mwembamba wa kuingilia sekondari, unafikia mwisho wa kazi yake. Swali linalobaki ni hili: mlango huo ukiondolewa, Taifa litajuaje kwamba mtoto amejifunza? Jibu linalotolewa ni upimaji endelevu, yaani kumpima mwanafunzi hatua kwa hatua katika kazi zake za kila siku. Jibu hilo ni zuri. Lakini si jipya, na historia yake ina mafunzo ambayo walimu na watumishi wa elimu hawana budi kuyakumbuka.

Wakati wa ukoloni na katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, mtihani wa kidato cha nne ulitungwa na kusahihishwa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa katika Baraza hilo mwaka 1971, na mwaka 1973 ikatungwa sheria iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania. Hivyo kazi ya kutunga na kusahihisha mitihani ikawa mikononi mwa Watanzania wenyewe. Hata hivyo, kubadili mtungaji wa mtihani hakukuwa na maana kwamba mtihani wenyewe umebadilika.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kulieleza tatizo hilo mwezi Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa kwamba mtihani wa mwisho hupima uwezo wa mtu wa kushika mambo kichwani na kuyaandika kwa saa zilizopangwa. Haupimi vya kutosha uwezo wake wa kufikiri, sembuse tabia yake na moyo wake wa kuwatumikia wenzake. Kwa hiyo alitaka mitihani ipunguziwe heshima kubwa mno iliyopewa na Serikali na wananchi.

Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974 iliifanya hoja hiyo kuwa agizo. Azimio la Musoma hukumbukwa zaidi kwa kuagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977. Lakini Azimio hilohilo ndilo lililotaka mtihani mmoja wa mwisho usiachiwe peke yake kuamua hatima ya kijana, bali kazi zake za darasani, bidii yake na tabia yake nazo zihesabiwe. Upimaji endelevu ulianza kutekelezwa katika shule za sekondari mwaka 1976. Alama zilizotoka shuleni zikawa nusu ya matokeo ya kidato cha nne, na nusu ya pili ikatokana na mtihani wa mwisho.

Nia ya mpango huo ilikuwa njema. Kijana aliyefanya kazi kwa bidii miaka miwili hakupaswa kuanguka kwa sababu aliugua malaria wiki ya mtihani. Binti aliyeweza kufanya jaribio la kemia kwa mikono yake hakupaswa kuhukumiwa kwa maneno ya karatasi tu. Na mwalimu, ambaye ndiye anayemjua mwanafunzi kuliko msahihishaji yeyote wa mbali, alipewa sauti katika hukumu ya mwisho. Huo ulikuwa uamuzi wa kumwamini mwalimu.

Lakini mahali pengi imani hiyo haikutunzwa. Zipo shule ambako majaribio yaliyopaswa kufanywa hayakufanywa, na siku za kupeleka alama zilipokaribia, fomu zikajazwa kwa kukisia. Zipo ambako kazi za mradi zilinunuliwa au kunakiliwa. Zipo ambako alama ya tabia iligeuzwa kuwa zawadi ya mwanafunzi mtiifu kwa mkubwa, au fimbo ya kumchapia mwenye kuuliza maswali. Matokeo yake yalikuwa ya hatari, na hesabu ndogo yatosha kuyaonyesha. Mwanafunzi aliyejaziwa alama 80 shuleni, kisha akapata 20 katika mtihani wa mwisho, kwa mgawanyo wa nusu kwa nusu alihesabiwa kuwa na 50. Alionekana ameelewa nusu ya somo, kumbe alilijua kidogo sana. Jirani yake katika shule yenye mwalimu mkweli, aliyepata 45 darasani na 45 katika mtihani, alibaki na 45. Mkweli akawa nyuma ya aliyebebwa. Mpango uliokusudiwa kuleta haki ukawa chombo cha dhuluma, kwa sababu tu ya kalamu isiyo na uaminifu.

Ndiyo maana mgawanyo wa nusu kwa nusu haukudumu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliishtua nchi nzima, kwani zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume kuchunguza sababu, na mwezi Mei 2013 Serikali ikaamua matokeo hayo yafutwe na yapangwe upya. Katika miaka iliyofuata madaraja ya ufaulu yalibadilishwa, ukaletwa utaratibu wa wastani wa alama, kisha nchi ikarudi kwenye madaraja ya zamani. Katika mabadiliko hayo alama za shuleni zilishushwa hadi 30 katika 100. Kwa maneno mengine, sauti ya mwalimu ilipunguzwa. Wapo walimu wanaolalamika juu ya jambo hilo, na wana haki ya kulalamika. Lakini hawana budi pia kujiuliza kwa nini sauti hiyo haikusadikiwa.

Pamoja na hayo, itakuwa makosa makubwa kuubebesha lawama zote mwalimu wa darasani. Mwalimu hadanganyi kwa kupenda uongo. Hudanganya kwa hofu au kwa kuelemewa.

Tuanze na kuelemewa. Mwalimu wa sekondari mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 60 ana wanafunzi 180. Akiwapa zoezi moja la ukurasa mmoja, na akalisahihisha kwa dakika 5 tu kila moja, atatumia dakika 900, yaani saa 15, nje ya vipindi vyake. Hapo hajaandaa somo la kesho, wala hajakaa zamu. Katika shule za msingi za mijini, ambako darasa moja laweza kuwa na watoto zaidi ya 100, mzigo ni mkubwa zaidi. Serikali ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Mamilioni ya watoto waliingia madarasani, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini anayemwagiza mwalimu kumpima kila mtoto kila wiki, bila kuuliza ana watoto wangapi, anaagiza fomu zijazwe, si watoto wapimwe.

Hofu nayo ni kubwa zaidi. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilianza kupangwa kwa rangi na nafasi kufuatana na ufaulu. Nia ilikuwa kuamsha uwajibikaji. Lakini katika vikao vingi vya mikoa na wilaya, nafasi hizo ziligeuka kuwa mashtaka. Mkuu wa shule iliyo nyuma aliulizwa mbele ya wenzake kwa nini ameshindwa, na wapo walioondolewa madarakani. Hakuulizwa ana walimu wangapi wa hisabati. Baada ya hapo yalifuata mambo ambayo kila mwalimu anayajua: darasa la nne na la saba kugeuzwa kambi za kukariri maswali ya miaka iliyopita, masomo yasiyo na mtihani kuachwa, walimu bora kuondolewa madarasa ya chini, ambako ndiko msingi unakojengwa, na mahali pengine, wizi wa mitihani. Mwaka 2011 wanafunzi zaidi ya 9,000 wa darasa la saba walifutiwa matokeo kwa udanganyifu. Mtoto wa miaka 13 hana njia ya kupata majibu ya mtihani isipokuwa ameletewa na mtu mzima.

Baraza la Mitihani lilifanya jambo la busara Januari 2023 lilipoacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Lakini orodha iliyoondolewa Taifani bado inaandikwa katika mikoa, wilaya na kata, nayo bado inatumika kama kiboko. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wilaya inayowaadhibu wenye kusema kwamba watoto hawajui kusoma haitapata watoto wanaojua kusoma. Itapata taarifa zinazosema kwamba wanajua.

Hapa ndipo inapofaa kutofautisha kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kazi ya kwanza ni kuchuja. Nafasi za sekondari zilipokuwa chache mno, ilibidi kuchagua nani aingie na nani abaki nje, na mtihani wa darasa la saba ulifanya kazi hiyo. Mtihani wa kuchuja haujali mtoto anajua nini. Unajali kama amemzidi mwenzake. Kazi ya pili ni kupima kujifunza. Hapo swali si nani wa kwanza na nani wa mwisho, bali ni nani anaweza kusoma aya hii na kueleza maana yake, nani anaweza kugawanya kwa tarakimu mbili, na nani bado. Katika kazi hii ya pili darasa zima laweza kufaulu, au darasa zima laweza kuonekana halijaelewa, wala hakuna aibu katika hilo la mwisho, ilimradi mwalimu achukue hatua.

Kwa miaka mingi chombo cha kuchuja kilitumiwa kana kwamba ni chombo cha kupima, na athari zake zilionekana. Kuanzia mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kujibiwa kwa kuweka weusi katika viduara vya karatasi maalumu na kusahihishwa kwa mashine. Mashine ni ya haraka na haina upendeleo, na faida hiyo isidharauliwe. Lakini swali lenye majibu matano ya kuchagua humpa hata asiyejua lolote nafasi moja kati ya tano ya kupata. Wala mashine haiwezi kuona njia aliyoipitia mtoto hadi kufika kwenye jibu. Ndiyo sababu walimu wa kidato cha kwanza walijikuta wakiwapokea vijana waliofaulu mtihani huo huku hawawezi kuandika sentensi kamili.

Kinyume chake, ulipofanyika upimaji usio wa kuchuja mtu, ukweli ulijitokeza haraka. Upimaji wa Uwezo, ulioanza nchini mwaka 2010, uliwafuata watoto majumbani na kuwapa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma. Mwaka 2013 Serikali yenyewe ilipima stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa watoto wa darasa la pili katika shule zilizochaguliwa. Hakuna mtoto aliyefukuzwa wala mwalimu aliyeadhibiwa kwa vipimo hivyo. Lakini vilisaidia kuleta uamuzi mkubwa, kwani mwaka 2015 ulianza kutumika mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliotilia mkazo stadi hizo tatu. Hivi ndivyo taarifa ya kweli inavyofanya kazi. Taifa liliambiwa jambo chungu, likachukua hatua.

Basi ili upimaji endelevu usirudie makosa ya miaka iliyopita, yapo mambo ambayo hayana budi kufanywa, na mengi kati yake hayahitaji fedha za kigeni wala wataalamu kutoka mbali.

Kwanza, alama anazotumia mwalimu kujua nani hajaelewa zitengwe kabisa na alama zinazotumika kumpima mwalimu. Daftari la maendeleo la mwalimu liwe kama cheti cha mgonjwa kwa tabibu. Hakuna mganga mkuu anayemwadhibu tabibu kwa kuandika kwamba mgonjwa ana homa. Anayestahili kuadhibiwa ni yule aliyeandika kwamba mgonjwa ni mzima bila kumpima.

Pili, kipimo kiwe rahisi kiasi cha kuwezekana. Mwalimu wa darasa la watoto 90 hawezi kuwasikiliza wote wakisoma kwa siku moja. Lakini akiwasikiliza watoto 5 kila siku kwa dakika chache, baada ya siku 18 za masomo atakuwa amemsikia kila mmoja, na atajua majina ya wale wasiotambua silabi. Maswali matatu ya mdomo mwishoni mwa kipindi, zoezi fupi linalosahihishwa ubaoni kwa pamoja, au kazi ya shambani inayotazamwa kwa vigezo vilivyoandikwa mapema, vyote hivyo ni upimaji. Fomu ndefu ya safu 20 inayojazwa usiku wa kuamkia ukaguzi si upimaji.

Tatu, uaminifu ulindwe kwa ushirikiano wa walimu wenyewe. Shule za kata moja zaweza kubadilishana karatasi chache za majaribio na kuzisahihisha upya, ili mwalimu mwenye mkono mlegevu na mwenye mkono mgumu wote warekebishane bila kungojea mkubwa awaumbue. Baraza la Mitihani nalo lina takwimu za kulinganisha alama za shuleni na za mtihani wa mwisho. Shule ambayo kila mwaka hutoa 80 darasani na kuvuna 20 katika mtihani yaweza kutambuliwa, kusaidiwa, na ikibidi kuchukuliwa hatua. Hatua hizo ziwe kwa sababu ya uongo wake, zisiwe kwa sababu ya umaskini wa ufaulu wake.

Nne, watumishi wa elimu wabadili maswali yao. Ofisa elimu akifika shuleni na kuuliza asilimia ya ufaulu tu, ataandaliwa asilimia. Akifungua madaftari 10 ya wanafunzi na kuuliza ni makosa gani yanayojirudia, na mwalimu amefanya nini kuyaondoa, shule nzima itaanza kuyashughulikia makosa. Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani waliitwa wakaguzi, wana nafasi ya kwanza katika kazi hii, kwani wao huingia darasani.

Tano, Serikali iendelee kuajiri walimu na kujenga madarasa kwa kadiri ya mzigo inaouagiza. Mwalimu aliyepewa wanafunzi 180 apewe pia muda wa kusahihisha, na muda huo uhesabiwe kuwa ni kazi, usichukuliwe kuwa ni mapumziko yanayoweza kujazwa kwa vikao na michango.

Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana kwa TANU na Afro-Shirazi, ndicho mrithi wa uamuzi wa Musoma. Wanachama wake walio madiwani, wajumbe wa kamati za shule na viongozi wa kata wana wajibu wa pekee. Katika vikao vyao wasiwe watu wa kupigia makofi asilimia na kuwazomea walimu wakuu. Wawe wa kwanza kuuliza watoto wetu wanajua nini, na wa kwanza kumlinda mwalimu anayejibu swali hilo kwa ukweli hata kama jibu haliwapendezi.

Wapo watakaosema kwamba bila hofu ya mtihani walimu watazembea na wanafunzi watacheza. Hoja hiyo isipuuzwe. Mtihani wa mwisho utaendelea kuwa na mahali pake, hasa mwishoni mwa kidato cha nne na cha sita, kwa sababu Taifa linahitaji kipimo kimoja kinachowafikia wote bila kujali wanatoka wapi. Mtoto wa mkulima wa Kibondo na mtoto wa ofisa wa Dar es Salaam wanapokutana katika karatasi moja yenye namba badala ya jina, hapo kuna haki ambayo si ya kuchezea. Lakini mtihani wa mwisho huja baada ya mambo yote kwisha. Unaweza kusema kwamba kijana hakujifunza. Hauwezi tena kumfundisha. Anayeweza kuligundua hilo mapema, wakati mtoto bado yuko darasani na bado kuna muhula mwingine, ni mwalimu peke yake.

Kwa hiyo kila mwalimu anaposhika kalamu nyekundu muhula huu, aandike kile alichokiona. Na kila mtumishi anayeipokea taarifa hiyo, kuanzia kata hadi wizara, asimuulize mwalimu kwa nini alama ni ndogo kabla hajamuuliza anahitaji nini ili ikue. Mkulima anayelipia elimu hii kwa kodi na kwa jasho lake hakuomba aletewe tarakimu nzuri. Alimpeleka mtoto shule ajifunze, na ana haki ya kuambiwa kweli kama amejifunza au hakujifunza.